Wingu Lisilo la Sayari

Nataka kugombana na jina. Najua kwamba watu wazima hugombana na watu, si na majina. Lakini jina ninalolisema limepotosha zaidi kuliko watu wengi ninaowafahamu, na limefanya hivyo likiwa limevaa joho la elimu. Ni jina la yale mawingu ya mbinguni ambayo wanafalaki wa Ulaya waliyaita, kwa lugha zao, nebula za sayari. Baadhi ya watu wetu wamelichukua jina hilo neno kwa neno, wakalitia katika Kiswahili kama mtu anayehamisha maji machafu kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, bila ya kuuliza lina maana gani.

Mawingu hayo hayana udugu wowote na sayari. Hayakutoka katika sayari, wala hayazungukwi na sayari kwa sababu ya jina lake. Ni mabaki ya nyota iliyozeeka: hewa na vumbi ambavyo nyota imevitoa mwilini mwake, vikatawanyika pande zote, kisha vikawashwa na kiini chake kilichobaki uchi katikati. Mwanafunzi anayeambiwa "nebula ya sayari" huanza safari akiwa amegeuziwa dira. Atakwenda mbali, lakini hatafika.

Aliyelianzisha jina hilo hakuwa mjinga. Alikuwa William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza, mpiga muziki kwa kazi yake, ambaye usiku alikuwa akitazama mbingu kwa darubini alizozitengeneza kwa mikono yake. Mwaka 1781 aliigundua sayari ya Uranus. Mwaka uliofuata, 1782, alikiona kitu katika kundi la nyota la Dalu, ambalo wengine huliita Ndoo, kikiwa na umbo la kisahani kidogo. Nyota ya kawaida hata ukiikuza kwa darubini hubaki nukta, lakini sayari huonekana kama kisahani. Basi Herschel alikiweka kitu kile na wenziwe katika fungu moja, akalipa jina la kufananisha na sayari. Alikuwa akisema juu ya sura tu, kama sisi tunavyosema "mkono wa tembo" tukiwa na maana ya ndizi. Sasa fikiri mgeni alichukue jina hilo, alitafsiri kwao, na kuwafundisha watoto kwamba ndizi hiyo ni kiungo cha mnyama. Tungecheka mpaka tukaanguka. Lakini sisi tukifanya jambo lile lile kwa mawingu ya mbinguni, tunapewa alama za ufaulu.

Mwaka 1790 Herschel mwenyewe aliliona wingu jingine lenye nyota moja katikati, na ilikuwa dhahiri kwamba nyota na wingu vinahusiana. Akabadilisha mawazo yake juu ya mawingu ya angani. Jina halikubadilika. Ndivyo ilivyo tabia ya majina: mwenye nyumba akihama, jina hubaki mlangoni.

Nasema haya nikiwa mtu wa Chole, na pengine msomaji wa bara atauliza Chole kuna nini cha kumfanya mzee wa zaidi ya miaka sabini ashughulike na nyota zilizokufa. Namjibu kwamba kuna giza. Kisiwa chetu ni kidogo, kimekaa katika ghuba baina ya Mafia kubwa na Juani, na usiku wa mwezi mwandamo mbingu yetu imejaa kama nyavu za dagaa. Wazee wetu walisafiri kwa nyota. Waliita Kilimia kwa sababu kikichomoza na kuchwa kwake kulimwambia mtu wakati wa kulima. Angalia hekima ya jina hilo: kimetajwa kwa kazi yake. Hapana mtoto wa pwani aliyeambiwa Kilimia akadhani ni samaki.

Sasa tueleze jambo lenyewe, maana haifai kugombana na jina bila ya kumjua mwenye jina.

Nyota, likiwamo jua letu, huishi kwa kuunguza haidrojeni katika kiini chake na kuifanya kuwa heli. Ikiwa nyota si nzito kupita kiasi, yaani uzito wake hauzidi kama mara nane ya uzito wa jua, mwisho wake huwa wa taratibu. Haidrojeni ya kiini ikiisha, nyota huvimba ikawa jitu jekundu. Hapo ngozi yake ya nje huwa nyepesi na mbali mno na kiini, hata kiini hakiwezi kuishika sawasawa. Huanza kutoka kidogo kidogo kama upepo, kilomita kama 10 au 20 kwa sekunde, kwa maelfu mengi ya miaka. Mwisho kiini hufunuka, kikali mno, na joto lake huweza kupita digrii laki moja. Mwanga wake mkali usioonekana kwa macho huipiga ile hewa iliyotangulia kutoka, nayo huwaka. Hilo ndilo wingu lenyewe. Hung'aa kwa miaka elfu kumi au elfu ishirini hivi, kisha husambaa na kupotea, na kiini hupoa kikawa nyota kibete nyeupe, yenye ukubwa kama wa dunia yetu. Jua letu nalo litafika huko, baada ya miaka kama bilioni tano. Kwa umri wa nyota, wingu hili ni kama moshi wa mshumaa uliokwisha kuzimwa.

Mtoto wa Chole hana shida ya kulifahamu jambo hili. Amekwisha kuliona mikokoni. Kaa hujivua gamba, na gamba hubaki likiwa na sura yake, miguu na magando, lakini ndani mtupu. Mwambie mtoto kwamba nyota nayo huvua gamba, naye atakuuliza mara moja swali lililo bora kuliko maswali yote ya kitabu: "Mwalimu, na ikishajivua hukua tena?" Hapo utamjibu kwamba la, kaa hujivua ili akue, nyota hujivua kwa sababu imezeeka. Katika sentensi mbili mtoto amepata mfano na amepata mpaka wa mfano. Mwambie "nebula ya sayari", hatauliza kitu. Ataandika, atakariri, atasahau.

Jambo la pili linalonikera ni ule mchoro. Nimeuona katika madaftari mengi: duara moja, na nukta katikati. Ukichora hivyo umepata. Lakini mbingu haikuchora hivyo. Katika magamba haya ya nyota, yaliyo mviringo kwa kweli ni kama moja katika matano tu. Mengine ni marefu kama yai. Mengine yana mabawa mawili kama kipepeo. Mengine yamebanwa kiunoni kama shisha ya mchanga ya kupimia wakati. Mengine yana pembe nyingi zinazoelekea pande mbalimbali, tabaka juu ya tabaka. Na hata lile linaloonekana duara si lazima liwe duara.

Hili la mwisho watu wa Chole hawahitaji kufundishwa na mtu. Kisiwa chetu kimekuwa cha mafundi wa majahazi tangu zamani. Simama mbele ya jahazi lililo juu ya magogo, ulitazame kwa omo: utaona kitu chembamba kilichosimama. Zunguka ubavuni: utaona kitu kirefu chenye tumbo. Panda juu ya mwembe ulitazame: utaona umbo la jani. Mkuku ni ule ule, mataruma ni yale yale. Fundi hadanganyiki, kwa sababu anaweza kuzunguka. Mwanafalaki hawezi. Nyota iko mbali kwa miaka-nuru mamia na maelfu, na kila mwaka-nuru mmoja ni kilomita trilioni tisa na nusu karibu. Maisha yake yote, na ya wajukuu wake, atalitazama jahazi lile kwa upande mmoja tu.

Chukua Nebula ya Pete, iliyo katika kundi la nyota la Kinubi, ambayo sisi huiona upande wa kaskazini katika miezi ya kipupwe. Ilijulikana tangu mwaka 1779, na kila kitabu huionyesha kama pete. Wataalamu walioipima mwendo wa hewa yake wameona kwamba tunalitazama umbo refu kwa mdomoni, kama mtu anayechungulia ndani ya dema la samaki na kusema, "Dema ni duara." Walijuaje? Kwa kuuchambua mwanga wake. Hewa inayokuja kwetu na hewa inayokwenda mbali nasi hubadilisha mwanga kidogo, kila moja kwa namna yake, na kutokana na tofauti hiyo mtu hujenga umbo lililofichika. Huo ndio usomi: kuuzunguka kwa akili usichoweza kukizunguka kwa miguu. Na huo ndio tunaomnyima mtoto tunapompa duara na nukta.

Swali linalofuata ni zuri zaidi. Nyota ni mviringo. Kwa nini gamba lake lisiwe mviringo? Mwaka 1978 Sun Kwok na wenzake wawili walieleza kwamba kuna pepo mbili: ule wa kwanza mzito na wa polepole, na ule wa baadaye, mwepesi na wa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, unaoukuta ule wa kwanza njiani na kuusukuma kama jembe linavyosukuma udongo. Maelezo hayo yalifafanua kwa nini gamba lina ukingo unaong'aa. Lakini mabawa na viuno yalibaki kuwa tatizo, kwa kuwa pepo mbili za mviringo hutoa gamba la mviringo.

Jibu ambalo limepata nguvu ni kwamba nyota nyingi haziishi peke yake. Zina mwenza: nyota nyingine ndogo, au hata sayari kubwa, inayozunguka ndani ya ule upepo na kuukoroga. Mwaka 2020 kikundi kilichoongozwa na Leen Decin wa Ubelgiji kilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa darubini za redio za ALMA huko Chile. Walitazama nyota zaidi ya kumi zilizo katika uzee, kabla hazijawa magamba, wakakuta kwamba pepo zake tayari zimepindwa, zingine kama parafujo, zingine kama sahani. Hakuna hata moja iliyokuwa mviringo kamili. Halafu tarehe 12 Julai 2022, katika picha za kwanza kabisa za darubini ya James Webb, ilikuwamo ile iitwayo Nebula ya Pete ya Kusini. Katikati yake zinaonekana nyota mbili, na ile hafifu ndiyo iliyojivua. Kabla mwaka huo haujaisha, wataalamu waliandika kwamba sura ya wingu lile inadai kulikuwa na wenza wengine zaidi wasioonekana.

Na je, unajua wingu hilo liko wapi? Liko katika kundi la nyota liitwalo Tanga. Wayunani wa kale waliona merikebu kubwa katika mbingu ya kusini. Katika karne ya 18 wataalamu waliikata vipande, wakapata Mkuku, Tezi na Tanga. Merikebu nzima inapita juu ya vichwa vya mafundi wa majahazi wa Chole, jioni za Aprili, mawingu ya masika yakifunguka. Na hakuna mtihani uliopata kumwambia mtoto wa hapa kwamba hayo ni maneno ya baba yake.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Simu zimefika kila mahali, nazo zimeleta picha. Picha mbili za magamba haya zimezunguka sana, kila moja ikiwa na maneno yaliyoandikwa chini yake na mtu asiyejulikana.

Ya kwanza ni ya wingu liitwalo Helix, ambalo limepewa jina la "Jicho la Mungu". Maneno yake yanasema kwamba jicho hilo huonekana mara moja kila baada ya miaka 3,000, na kwamba asiyeipeleka picha kwa wenzake atanyimwa baraka. Ni uwongo mtupu. Helix iko katika Dalu, umbali wa miaka-nuru kama 650, na kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, saa sita ya usiku hupita karibu na utosi wa Chole, ikielekea kusini kidogo. Upana wake mbinguni unakaribia ule wa mwezi mpevu. Haionekani kwa macho matupu kwa sababu ni hafifu, lakini mwenye darubini ndogo na giza zuri anaweza kuipata. Haijafumba wala kufumbua.

Ya pili ni ya lile liitwalo Jicho la Paka. Picha hiyo ilipigwa kwa darubini ya Hubble na kutolewa mwaka 1995, nayo ina wekundu mzuri kama waridi. Maneno yanayoandamana nayo yanadai kwamba hiyo ndiyo tafsiri ya aya ya 37 ya Surat Ar-Rahman, na kwamba wanasayansi wameithibitisha. Hapa naomba nisikilizwe kwa utulivu, kwa sababu na mimi ni Mwislamu na nimesomeshwa chuoni kabla ya kusomeshwa shuleni.

Aya ile inazungumza juu ya siku itakayokuja, siku ya kupasuka mbingu. Jicho la Paka ni nyota moja, miongoni mwa mabilioni, iliyovua gamba lake zaidi ya miaka-nuru 3,000 kutoka hapa. Mbingu haijapasuka, imetulia, na wavuvi bado wanaingia baharini. Isitoshe, wekundu ule si wekundu. Picha ile imetengenezwa kwa picha tatu: moja ya mwanga wa haidrojeni, moja ya oksijeni na moja ya naitrojeni. Kwa asili yake mianga yote mitatu iliyotumika ni myekundu, na jicho lisingeweza kuipambanua vizuri. Basi watengenezaji waliipa haidrojeni rangi nyekundu, oksijeni buluu, na naitrojeni kijani, ili mtaalamu ajue kipi kiko wapi. Hawakuficha, waliandika wazi. Ni kama ramani ya shule inayopaka Tanzania kijani na Kenya manjano. Ukitazama wingu lenyewe kwa darubini utaona ukijani hafifu, ambao William Huggins aliuchambua mwaka 1864, na ambao Ira Bowen alikuja kuueleza mwaka 1927 kwamba unatoka katika oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Sasa niambie: ni Mwislamu gani anayetaka kuitundika aya ya Mwenyezi Mungu juu ya rangi iliyochaguliwa na fundi wa picha? Kesho fundi huyo akibadilisha rangi, atabadilisha na aya?

Madhara yake si ya kinadharia. Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye naye sasa ni mwalimu, alieleza barazani haya haya ninayoyaeleza, kwa adabu na kwa sauti ya chini. Aliambiwa mbele za watu kwamba kusoma kumemharibu na kwamba amekitilia shaka Kitabu. Hakukitilia shaka Kitabu. Alilitilia shaka tangazo la simu. Toka siku hiyo, hazungumzi habari za nyota mbele ya wanafunzi wake. Darasa zima limepoteza mbingu kwa sababu ya picha iliyotumwa na mtu asiyejulikana. Na wale waliomnyamazisha hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wanaoipenda dini yao, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza, kwa lugha wanayoiota usiku, wingu lile ni kitu gani.

Yuko mtu wa kufuata mfano wake. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, aliandika kitabu chake cha nyota zisizohama mnamo mwaka 964. Ndani yake alilitaja wingu dogo ambalo leo tunajua ni kundi kubwa la nyota la Andromeda. Alisema aliona wingu, mahali fulani, na akaishia hapo. Hakuliongezea utabiri. Imani yake haikupungua kwa kuwa alisema alichokiona na akanyamaza juu ya asichokijua.

Nayajua majibu nitakayopewa. Miaka mingi iliyopita mkaguzi mmoja aliniambia kwamba nyota hazijazi sufuria. Wapo wengi wa mawazo yake hata leo. Mimi nasema kwamba bila nyota hizo usingekuwa na moto chini ya sufuria. Sehemu kubwa ya kaboni na naitrojeni iliyomo duniani ilipikwa ndani ya nyota za namna hii, ikatawanywa zilipojivua magamba yake, kabla jua letu halijazaliwa. Kaboni ndiyo mkaa. Naitrojeni ndiyo nguvu ya udongo wa shamba la kunde. Mwili wa mkaguzi ulikuwa umejaa mavuno ya nyota alizozidharau.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Jibu hili nimelisikia tangu nikiwa katika chuo cha ualimu, na naona haya kwamba bado linasemwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari Januari 1985. Januari hiyo ilipita, na nyingine nyingi zikapita nyuma yake. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Palipopungua, yatapatikana, maana neno halishuki kutoka mbinguni. Hutengenezwa na anayelihitaji. Kinachokosekana ni kuamua. Na wakati sisi hatuamui, mtangazaji wa uwongo ameshaamua: yeye huandika kwa Kiswahili safi, chepesi, na kila mtu humfahamu. Sayansi tumeifungia ndani ya Kiingereza, uwongo tumeuachia lugha ya mama, halafu tunashangaa uwongo unashinda.

Wa tatu watasema kwamba jina ni jina tu, na kwamba dunia nzima inatumia jina la Herschel. Dunia nzima imelirithi, haikulichagua. Wenye lugha zile wamekwisha kulizoea, na kila mwalimu wao hulazimika kuanza somo kwa kuomba radhi kwamba sayari haimo. Sisi tulikuwa na bahati ya kuja nyuma. Anayejenga nyumba baada ya jirani ana nafasi ya kuuona ufa wa jirani. Kwa nini tuununue na ufa?

Mimi naliita gamba la nyota. Mwenye neno bora na alilete, nitamshukuru. "Ganda" halinichukizi, na vijana wanaokumbuka siasa za mwaka 2011 watacheka wakisikia habari za kujivua gamba, lakini kicheko husaidia kukumbuka. Shuruti langu ni moja: neno lieleze kitu kilivyo, kama Kilimia. Na nawaomba walimu wenzangu, waliomo kazini, wafanye mambo machache yasiyohitaji kibali cha wizara wala fedha ya mfadhili. Wasikubali duara na nukta. Wamwambie mwanafunzi alichore jahazi kwa pande tatu, kisha wamuulize ni lipi kati ya hayo lililo jahazi la kweli. Picha ikija kwenye simu, waulize kwanza rangi zake zimechaguliwa na nani na kwa sababu gani. Na usiku wa giza wawatoe watoto nje, wawaonyeshe Dalu na Tanga, wawaambie kwamba pale pana nyota zilizokwisha kujivua, na kwamba aliyesema pale pana sayari alikosea, na aliyesema pale pana jicho alidanganya.

Kijana wangu yule aliyenyamazishwa bado anafundisha. Nimemwandikia kurasa hizi kwanza, kabla ya msomaji mwingine yeyote, na ningependa akazisome kwa sauti darasani.